Nusu ya Unguja, Nusu ya Mafia

Mliponiaga kule kantini mlinipa redio, doti mbili za kanga na hotuba ya meneja iliyokaribia kuwa ndefu kuliko utumishi wangu. Nashukuru. Lakini kilichonikaa moyoni ni swali la Neema wa uhasibu. Aliniinamia wakati wa soda akaninong'oneza kwamba anaolewa, na kwamba yeye na mchumba wake wanataka kupumzika visiwani, nusu ya likizo Unguja na nusu Mafia. Je, mama uliyepanga likizo za watu maisha yako yote, tugawe vipi? Nilicheka mpaka soda ikanipalia. Nyinyi mkadhani nalia kwa uchungu wa kuondoka, na meneja akanipa kitambaa chake, ambacho hakikuwa safi.

Basi namjibu kwa maandishi, na wengine someni. Sitasimulia nilivyopanda vyeo, maana ni safari fupi. Wala sitasimulia mshahara, kwa kuwa mnaujua, ndio huo mnaoupokea sasa.

Nilifika kiwandani miaka michache baada ya uhuru, nikitokea Masasi, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana vidole. Kuta zilikuwa bado zinanuka saruji, na huku Temeke kulikuwa na mchanga, mikorosho na vibanda vya makuti. Nilikuwa mtoto wa misheni, najua kupiga chapa na kuimba sauti ya pili, nikaamini kwamba hayo mawili yananitosha kuendesha nchi. Wakanipeleka chumba cha mwisho cha ofisi ya utumishi, kwa Bwana Fereira, Mgoa mwembamba aliyevaa tai hata Februari.

Bwana Fereira ndiye aliyenifundisha kazi. Ukutani alikuwa na ubao mpana wa mninga uliojaa misumari midogo, safu kwa safu. Kila safu ilikuwa mwezi, na kila mfanyakazi alikuwa na kipande cha kadi chenye tundu na jina lake. Likizo yako ilikuwa ni kadi yako kutundikwa kwenye msumari. Siku ya kwanza nikamuuliza, kwa adabu zote za misheni, kama mtu huulizwa kwanza anataka mwezi gani.

"Oliva," akasema bila kuinua macho, "likizo si ya mtu, ni ya mashine. Mashine ikilala, mtu akalale. Mashine ikiamka, mtu aamke."

Na mashine zetu zililala masika. Mvua ikianza, marobota ya pamba yalikwama huko mikoani, reli ikifunikwa na maji, na mitambo ya kusokota ikakosa cha kusokota. Hapo ndipo kadi nyingi zilipotundikwa. Watu walipewa ruhusa ya kwenda kwao wakati ambapo hakuna njia ya kwenda kokote. Nilidhani ule ni ukatili wa kikoloni. Kiwanda kilipotaifishwa, mpango ukabaki vilevile, nikajua kwamba ulikuwa uvivu tu, na uvivu hauna taifa. Mafundi wachache wa mitambo ya kufumia ndio waliopona, kwa sababu wao walihitajika masika kufanya matengenezo, hivyo likizo yao ilikuwa Desemba.

Mmoja wa hao mafundi aliitwa Makame. Alikuwa mtu wa Unguja, mnene kiasi, mwenye mikono ya ajabu. Mtambo ukigoma aliusikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, akagonga pahala pamoja, ukanguruma tena. Nasema haya mapema ili msije mkafikiri namchukia kwa kila kitu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la minazi kisiwani Mafia, na huko alioa mke wa pili, Bi Sauda. Mke mkubwa, Bi Mize, alikuwa kwao Unguja na watoto wanne. Hapa mjini Makame alipanga chumba kimoja Temeke, peke yake, akisema akimleta mmoja lazima amlete na mwingine, na kitanda ni kimoja.

"Nyie watu wa bara mnanisikitisha, dada Oliva," alikuwa akiniambia kila alipokuja kutazama kadi yake. "Likizo yenu ni kijiji kimoja, mbuzi mmoja, mama mkwe mmoja. Mie nina visiwa viwili. Hata mawaziri hawana."

Mimi nilikuwa sijui habari za zamu, ikabidi nielezwe. Mwanamume wa Kiislamu mwenye wake wawili anapaswa kugawa usiku wake kwa haki, asimpendelee huyu akamwacha yule. Kwa kuwa Makame alikuwa hapa mwaka mzima, wale wanawake walikuwa sawa katika kumkosa. Kilichobaki cha kugawana ni likizo tu, mwezi mmoja mfupi. Yeye akisema anagawa katikati, wiki mbili kwa wiki mbili, na alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayestahili nishani.

Sasa tazameni alivyogawa. Alianza Unguja kila mwaka, kwa heshima ya mke mkubwa. Asubuhi anapanda boti, na mchana analishwa pweza. Wiki mbili zikiisha anarudi Dar es Salaam, anadandia lori la nazi mpaka Kisiju, na pale anangoja chombo cha kuvuka kwenda Mafia. Chombo kinaondoka kikijaa, na kujaa kwenyewe hakuna ajuaye. Siku zote za kungoja zilihesabiwa katika nusu ya Bi Sauda. Kisha akifika inambidi aondoke mapema, asije akakosa chombo cha kurudi akachelewa kazini. Ile nusu ya Mafia ilikuwa mkate uliopitiwa na panya, umeliwa huku na umeliwa huku, na bado mwenyewe anauita mkate mzima.

Neema, ukitaka ushauri wa bure, ni huo hapo juu. Wa kulipia unafuata.

Baada ya Azimio la Arusha Bwana Fereira alifunga tai yake mara ya mwisho, akaniachia ubao na misumari, akaenda zake ng'ambo. Wafanyakazi tukapata kamati, na kamati ikapata mwenyekiti, Ndugu Kibwana wa idara ya rangi. Huyu alikuwa mtu mwema aliyeweza kuhutubia hata mlango, ilimradi mlango usiondoke. Kila jambo lililofika mezani kwake lilikuwa ama usawa ama unyonyaji. Aliposhtakiwa mpishi kwa kuchoma maharage, tulisikiliza mkoloni alivyoharibu maharage.

Ndipo akaja Shomari. Alikuwa kaka yake Bi Sauda, muuza nazi wa Buguruni, mfupi, mwenye hasira iliyofungwa vizuri kama mzigo wa safari. Hakwenda kwa Makame, maana alikuwa ameshakwenda mara nyingi. Alikuja kwa kamati, akasimama mbele yetu kantini baada ya saa za kazi.

"Shikamooni wakubwa. Dada yangu hana mtoto," alisema. "Mke mwenzie anao wanne. Kule kwetu wanamwita tasa, wanamwimba ngomani. Nami nauliza, huo utasa umejulikanaje? Shamba halijalimwa, nyie mnasema halioti? Miaka inakwenda. Mwanamke si mnazi, useme utazaa hata uzeeni. Mwambieni huyu bwana ampe dada yangu siku zake."

Ndugu Kibwana alikuwa na la kusema.

"Ndugu wajumbe," akasema akisimama, "hapa pana unyonyaji wa siku!"

Tulipiga makofi. Kisha likaja swali ambalo nadhani halijapata kuulizwa katika kamati yoyote ya wafanyakazi duniani: siku za Kisiju ni za nani? Mjumbe mmoja alisema ni za Mafia, kwa kuwa mtu yuko njiani kwenda Mafia. Mwingine akasema zigawanywe, Bi Mize naye abebe mzigo wa taifa. Mzee mmoja wa ghala alisema ni za serikali, kwa kuwa barabara ni ya serikali. Makame mwenyewe akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba ni za Mungu. Mwisho wakamwita sheikh wa msikiti wa jirani, akaja na bakora yake, akasikiliza pande zote.

"Zamu ni usiku uliolala kwa mke," akasema. "Kisiju ulilala kwa nani?"

"Juu ya gunia la nazi, sheikh."

"Basi hizo ni za gunia. Si za mke yeyote. Anza Mafia, ulale kwa mkeo idadi ile ile unayolala kwa mwenzie, zitakazobaki ndizo ukae na gunia. Na umwogope Mungu."

Mambo yangeishia hapo, na vizuri kabisa. Lakini Ndugu Kibwana alimshukuru sheikh kwa niaba ya kamati, akasema dini ni dini na kazi ni kazi, na likizo ni mali ya kazi. Akatoa hoja yake. Likizo ya Ndugu Makame ikatwe vipande viwili, asivuke bahari mbili kwa mkupuo mmoja. Wiki mbili Desemba, za Unguja. Wiki mbili nyingine zitolewe pale mitambo itakapolala, za Mafia. Kila kisiwa kipate safari yake kamili, bila kudaiana. Mafundi wenzake watabeba matengenezo kwa moyo wa kujitolea. Sawa kwa sawa!

Kila mtu mle ndani alijua mitambo hulala mwezi gani. Kila mtu alijua barabara ya Kisiju inavyokuwa Aprili, maana ya kwetu huku Temeke tu ilikuwa imeshameza gari la meneja. Shomari alifungua mdomo, akaambiwa si mjumbe. Nami nilikuwa karani, na karani kikaoni haongei, anaandika muhtasari, hiyo ilikuwa kanuni. Nikamtazama Makame, aliyeijua ile njia kuliko sote kwa jumla. Aliinua mkono kukubali, akauinua juu kuliko wajumbe wote.

Masika ya kwanza lori lilizama kwenye tope likielekea Kisiju. Wakalisukuma mpaka wakachoka, naye akarudi mjini kwa miguu na kwa kubebwa, akamalizia likizo chumbani kwake Temeke akicheza bao. Masika ya pili alifika. Alikuta chombo kilichomvusha ndicho pekee kinachorudi, na kinarudi kesho yake, akaondoka nacho. Kazini alilisimulia kantini kama kichekesho: "Nimekwenda Mafia kupiga hodi na kuaga!" Wanaume walicheka wakagonga meza. Ndugu Kibwana naye alicheka. Mimi chai ilinishinda. Nilimfuata mpaka kwenye mtambo wake.

"Makame, ulijua mambo yatakuwa hivi siku ile ulipoinua mkono?"

"Ofisi ndiyo iliyopanga, dada," akanijibu, akipangusa mikono yake ile ya ajabu kwa pamba mbovu. "Mie nani nipinge usawa?"

Nimefanya kazi na wezi, walevi na mkuu mmoja wa idara aliyekuwa akilala chini ya meza yake. Wote niliwasamehe kwa namna fulani. Jibu lile sijalisamehe.

Mvua zilipokatika, asubuhi moja, mlinzi akaniletea mgeni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amejifunga kanga za kwenda ugenini, na sauti yake ya chini ilimfanya mtu ainamishe kichwa kumsikia. Hakumuulizia mume. Alimuulizia anayepanga likizo.

"Ndiwe?" akasema. "Mie Sauda, wa Makame. Hujambo, dada?"

Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Alikuwa akiutazama ubao. Akauliza yale makaratasi ni nini, nikamweleza. Akaniomba nimwonyeshe yake. Nikamwambia hana kadi, ila za mumewe zipo mbili, hii ya Unguja na hii ya Mafia.

"Hii yangu iko mwezi gani?"

"Wa nne."

Akaigusa kwa kidole. "Nani kanichagulia?"

"Kamati."

"Hiyo kamati ina mke?"

Nikaenda mwenyewe kumwita Ndugu Kibwana na Makame. Walipoingia, Makame alimpa salamu kama mtu aliyekutana na jirani sokoni. Yeye akaitikia, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Baba, mie sikuja kugombana. Nimeambiwa mmegawa sawa kwa sawa."

"Kabisa, ndugu yangu! Siku kwa siku."

"Alhamdulillahi. Basi mpeni Bi Mize hiyo ya masika, mie nipeni ya Desemba. Kama ni sawa, hapana atakayepunjwa."

Ndugu Kibwana, ambaye hajapata kukosa neno toka azaliwe, alikohoa. Akasema jambo hilo lingehitaji kuitisha kikao. Makame akasema Bi Mize hatakubali.

"Kwa nini asikubali, na ni sawa?"

Nilisikia mitambo ikipiga kelele ng'ambo ya ukuta. Makame alitazama viatu vyake. Natamani ningesema kwamba aliona haya, lakini nadhani alikuwa akitafuta pa kutokea.

"Basi nataka talaka yangu," akasema Bi Sauda, kwa sauti ile ile. "Hiyo haina kikao."

"Sauda! Mbele za watu?"

"Siku zangu si walizigawa watu? Mwana wa watu mie, Makame, umri wangu wa kuzaa umebaki kidogo, na huo kidogo siwezi kuungojea Kisiju. Nikuombe nini kingine? Nguo unaleta. Unga unaleta. Ni wewe tu ndiye huji. Mwanamume anayemtaka mke angekuja hata na tope mpaka kiunoni."

Sheikh yule yule aliitwa. Makame alisuasua, akazungumza habari ya heshima yake, akazungumza habari ya watu watasemaje, na hakuzungumza hata mara moja habari ya yule mwanamke. Shomari alikaa mlangoni kwa Makame kila jioni mpaka talaka ikatoka. Bi Sauda akapumzika kidogo Buguruni kwa kaka yake, kisha akarudi kwao. Siku alipokuja kuniaga nililia mbele yake kama mjinga, yeye ndiye aliyenibembeleza.

Kadi ya masika nikaitungua. Makame akaomba likizo yake yote iwe Desemba, yote Unguja, na kamati ikampa. Aliondoka amefura kwa furaha, eti hatimaye atapumzika kisiwa kimoja kama waungwana. Kabla ya likizo kwisha nikamwona getini, amekuja kazini. Nikadhani pana msiba. Ukweli ulivuja kwa fundi mwenzake wa Unguja. Wiki mbili zilipotimia Bi Mize alimfungia nguo zake, akazikalisha kizingitini. "Miaka yote nilikuwa nakuvumilia nikijua kuna mwenzangu atakupokea," alimwambia. "Peke yangu sikuwezi." Tangu hapo Makame akawa anamalizia likizo zake chumbani Temeke, na bao. Nilimwandalia kadi ya tatu, ya Temeke, nikaitundika. Hakuipenda.

Ndugu Kibwana alipandishwa akaenda kuwagawia watu vitu vingine mahali pengine. Mimi niliendelea. Nilijitahidi kuwabadilishia watu miezi kila nilipoweza, na mara nyingi sikuweza, kwa sababu Bwana Fereira alisema kweli kuhusu mashine.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa sokoni Buguruni, nikasikia naitwa. Bi Sauda alikuwa amekaa katika kibanda cha kaka yake, amenenepa, anachambua nazi kwa kuzigonga na kuzisikiliza. Alikuja kutembea tu, maana alikuwa ameolewa tena kwao Mafia, na mkwezi, mtu asiye na safari zaidi ya juu na chini ya mnazi, anayelala nyumbani siku zote. Tukaulizana hali, za nyumbani, za kazini. Nilitazama huku na huku kama pana mtoto, nikaogopa kuuliza. Aliniona nikitazama.

"Sikujaaliwa, dada," akasema. "Muda ulitosha, mume alikuwapo, na bado sikujaaliwa."

Nikamwambia pole, nikasema kwamba nasikitika sana, na nilisikitika kweli.

"Usisikitike," akasema, akichagua nazi nyingine. "Sasa najua aliyeninyima ni Mungu, na Mungu hadaiwi. Zamani nilikuwa sijui kama ni Yeye au ni kamati yenu."